Kuogopeshana kwa Ridhaa: Mwongozo wa Mipaka ya Kihisia Katika Michezo ya Kutisha ya Mezani

Mchezo wa kuigiza mezani huchezwa na watu wachache, mara nyingi watatu hadi sita, waliozunguka meza moja. Mmoja wao ni msimulizi. Ndiye anayeeleza mahali, hali ya hewa, watu wanaokutwa njiani na hatari inayonyemelea. Kila mmoja wa waliobaki anabeba mhusika mmoja na kusema mhusika huyo anafanya nini. Pale isipojulikana kama jambo litafaulu, dadu hurushwa. Hakuna jukwaa, mavazi wala watazamaji. Hadithi inazaliwa papo hapo kwa mazungumzo.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Mwaka 1981 Sandy Petersen alitoa Call of Cthulhu, ambao uliacha ushujaa wa mapanga na kuiweka hofu katikati: wahusika ni watu wa kawaida, na kadiri wanavyougundua ukweli ndivyo akili zao zinavyoyumba. Mwingine, Dread wa mwaka 2005, hautumii dadu kabisa. Anayetaka mhusika wake afanye jambo gumu huchomoa kipande kwenye mnara wa Jenga. Mnara ukianguka mkononi mwake, mhusika wake ametoka kwenye hadithi. Jenga yenyewe ni kazi ya Leslie Scott, aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki, na iliingia sokoni London mwaka 1983. Kikundi kinachoanza hapa Dodoma bila dadu maalumu kinaweza kumpa fundi seremala yeyote kazi ya kuchonga vipande 54 vinavyolingana, na mchezo ukaanza jioni hiyohiyo.

Vifaa, basi, si tatizo. Kazi kubwa ya msimulizi wa hadithi za kutisha ni kuwatisha watu waliokubali kutishwa, kwa kiasi walichokubali, bila kugusa walichokataa.

Kwa nini mipaka iwekwe mapema

Msomaji wa riwaya ya kutisha akizidiwa hufunga kitabu. Mtazamaji wa filamu hutoka sebuleni. Mchezaji wa mezani hana mlango rahisi namna hiyo. Anaambiwa yeye mwenyewe, "Unasikia hatua nyuma yako." Msimulizi anamtazama usoni na kukoleza pale anapoona pameshika. Wenzake wanasubiri aseme anafanya nini. Akinyamaza, mchezo unasimama; akitoka, wote wanajua ametoka.

Hofu inayopatikana mezani ni ya namna mbili. Ipo ile ambayo mchezaji ameifuata: moyo unadunda, anacheka kwa wasiwasi, na kikao kikiisha anakwenda kula. Ipo pia ile inayoamsha jambo lililomtokea kweli, ambayo kikao kikiisha anaondoka nayo. Ya kwanza ndiyo starehe ya mchezo. Ya pili haina starehe yoyote, na msimulizi hawezi kujua kwa kumtazama mtu amebeba nini.

Katika uwanda wa kati wa Tanzania mambo ya kubeba yapo, tena yana tarehe. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi kwenye mteremko, eneo la Igandu mkoani Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kwa msimulizi wa miaka ishirini, hadithi ya behewa lililokosa breki gizani ni wazo zuri la kutisha. Kwa mchezaji ambaye ndugu yake alikuwa kwenye treni ile, si hadithi. Huko Singida, kati ya 1946 na 1948, mauaji yaliyoitwa ya simba-watu yaliitikisa wilaya nzima, na kumbukumbu yake bado iko kwenye familia. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, hadi Januari 2015 Serikali ikatangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Zanzibar mwaka 1995 hofu ya popobawa, kiumbe aliyedaiwa kuwaingilia watu usiku, iliwafanya wengi walale nje kwa makundi. Mwanafunzi aliyetoka Pemba au Shinyanga kuja kusoma Dodoma hakuviacha vitu hivyo stendi.

Hapa ndipo vitabu vingi vya michezo kutoka nje vinapopungukiwa. Waandishi wake huutumia uchawi kama pambo, kwa kuwa katika jamii zao hakuna jirani anayefukuzwa kijijini kwa sababu ya macho mekundu. Hapa yupo. Kuna nyumba ambazo bibi amewahi kunyooshewa kidole, na kuna watu wanaoamini kwa dhati kwamba jina la jini likitajwa, linaitika. Msimulizi halazimiki kuamini wanachoamini wachezaji wake. Analazimika kujua kwamba wanaamini.

Jambo la pili linalopaswa kueleweka kabla ya hatua zozote ni hili. Mashauri mengi ya kigeni humwambia mchezaji: ukikwazika, sema. Kwa kikundi cha hapa ushauri huo peke yake haufai kitu. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza aliyemwamkia msimulizi shikamoo alipoingia hatamkatiza nusu saa baadaye. Binti pekee kati ya vijana watano hatasema mbele yao kwamba tukio la mwanamke kuvutwa gizani limemfikia vibaya. Atatabasamu, atashika simu, na wiki ijayo atakuwa na udhuru. Kikundi kitasema hapendi michezo.

Yapo mazoea ya kwetu ambamo mtu anaruhusiwa kusema makali, tena hata msibani: utani wa makabila. Mtani wa Mgogo anaweza kuzuia jeneza lisitoke hadi apewe chochote, na hakuna anayekasirika, kwa sababu pande zote mbili zimerithi makubaliano na zinajua yanaishia wapi. Meza ya mchezo wa kutisha haijarithi makubaliano ya namna hiyo. Inabidi yatengenezwe, na yatengenezwe kwa njia ambayo mtu anaweza kuyatumia bila kufungua mdomo.

Nyenzo zinazotumika

Wachezaji wa nchi nyingine wameshahangaika na suala hili na nyenzo zao zinafaa kuchukuliwa. Mwaka 2003 mtunzi wa michezo Ron Edwards alieleza tofauti ya mambo mawili: lile ambalo halitatokea kabisa kwenye hadithi, na lile linaloweza kutokea lakini likafunikwa, yaani linatajwa na kupitwa bila maelezo. John Stavropoulos alianzisha kadi yenye alama ya X inayowekwa katikati ya meza. Anayeigusa au kuiinua anaondoa kilichosemwa hivi punde, bila kutoa sababu. Mwaka 2019 kampuni ya Monte Cook Games ilitoa kijitabu cha bure cha Sean K. Reynolds na Shanna Germain kuhusu ridhaa katika michezo, chenye karatasi ya mada ambayo kila mchezaji anaijaza kabla ya kuanza.

Zote tatu zinashikiliwa na kanuni moja: anayekataa haulizwi kwa nini. Kikundi kikiivunja kanuni hii mara moja tu, kadi na karatasi zinabaki kuwa mapambo.

Kabla ya mchezo

Hatua zifuatazo huchukua muda usiozidi saa moja. Zifanyike siku tofauti na siku ya kucheza, ili msimulizi apate nafasi ya kurekebisha hadithi yake.

1. *Tangaza hadithi kwa ukweli.* Anayealikwa aambiwe hadithi ni ya kutisha kwa namna gani (mizimu, mauaji, ugonjwa, wanyama, kupotea porini), ukali wake, saa ya kuanza na kumaliza, na umri unaoruhusiwa. "Njoo tucheze, utaona" ni mtego, hata kama nia ni njema.

2. *Andaa karatasi ya mada.* Orodhesha mada, na mbele ya kila moja weka visanduku vitatu: *isiwepo*, *ifunikwe*, *sawa*. Mwishoni acha mistari mitatu mitupu.

3. *Ilinde siri ya karatasi.* Watu wanaosoma pamoja wanajuana miandiko, kwa hiyo majibu yawe alama za vema tu. Kalamu ziwe za rangi moja. Kila mtu aweke alama kwenye kila mstari, hata pale anapokubali mada zote, ili asiwepo anayemaliza kwa sekunde tano na mwingine anayeonekana akiandika kwa dakika kumi. Anayetaka kuongeza mada kwenye mistari mitupu aandike kwa herufi kubwa, au amtumie msimulizi ujumbe wa faragha baadaye. Kundi la WhatsApp halifai kwa kazi hii: anayeandika anaonekana, na anayefuta ujumbe wake anaonekana zaidi.

4. *Chukua jibu la chini kabisa.* Mtu mmoja akiweka *isiwepo*, mada haipo kwa wote. Hapigiwi kura. Wanne wakitaka na mmoja akikataa, aliyekataa ndiye anayefuatwa.

5. *Soma matokeo kwa kikundi bila idadi.* Msimulizi aseme, "Kwenye hadithi yetu hakuna hiki na hiki, kile kitafunikwa." Asiseme ni wangapi, na asimtazame mtu.

6. *Rekebisha hadithi.* Kama kiini chake chote kimekataliwa, ibadilishwe. Kuiendesha hivyo hivyo kwa kupunguza maneno makali ni kuwadanganya wachezaji.

> KISANDUKU: Mada za kuweka kwenye karatasi ya kikundi cha hapa
> ☐ Uchawi ndani ya familia. Mzee kushutumiwa uchawi
> ☐ Kukatwa viungo. Madhara kwa watu wenye ualbino
> ☐ Ubakaji na unyanyasaji wa kingono wa aina yoyote
> ☐ Mtoto kuumia, kupotea au kufa
> ☐ Mimba kuharibika. Kufariki wakati wa kujifungua
> ☐ Ajali ya treni, basi au bodaboda
> ☐ Njaa na ukame
> ☐ Maiti, kaburi kufukuliwa, mazishi kukatizwa
> ☐ Majini, mapepo na kupagawa
> ☐ Aya, dua, sala au vitu vitakatifu vya dini yoyote
> ☐ Kujiua na kujidhuru
> ☐ Ugonjwa wa akili. Wodi na hospitali
> ☐ Kufungiwa mahali finyu, kuzama, moto
> ☐ Nyoka, fisi, wadudu
> ☐ Kushtuliwa kwa kelele, kuguswa au taa kuzimwa ghafla

Mada tatu kati ya hizo zinahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ni rahisi kuzikosea Dodoma.

Ya kwanza ni hospitali ya akili. Hadithi za kutisha za Ulaya na Marekani zimejaa majengo ya wagonjwa wa akili yaliyotelekezwa, na msimulizi wa Dodoma hushawishika kuyahamishia Mirembe kwa sababu jina lenyewe limekuwa neno la kutaniana nchi nzima. Mirembe ni hospitali ya taifa inayofanya kazi leo. Wagonjwa wake, walezi wao na wauguzi wake wanaishi mjini hapa, wanapanda daladala zilezile. Mchezaji ambaye kaka yake amelazwa pale hatasema. Hadithi ikihitaji jengo la kutisha, libuniwe jengo lingine: ghala la karanga, stesheni iliyofungwa, shule ya bweni wakati wa likizo. Mgonjwa wa akili asiwe zimwi la hadithi kamwe, hata pale karatasi zote zikirudi na *sawa*. Hili ni jambo ambalo mwongozo huu hauliachii kikundi kuamua.

Ya pili ni uchawi, hasa majina. Mchawi wa kwenye hadithi asipewe jina, nyumba, mtaa wala sifa za mtu anayejulikana na wachezaji. Utani wa mezani hutoka mezani. Kesho yake jina linasikika kisimani. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa enzi za ukoloni mwaka 1928 na ambayo bado ipo, inafanya kumshutumu mtu uchawi kuwa kosa. Lakini hata bila sheria, bibi wa watu ataumia kwa jambo ambalo hakuwepo wakati likisemwa.

Ya tatu ni dini. Aya na sala halisi zisitumike kama sauti ya nyuma ya tukio la kutisha. Jini wa hadithi apewe jina la kubuni. Mchezaji anayeomba kimoyomoyo kabla ya kuanza aachwe aombe.

Wakati wa mchezo

Kadi iwekwe mezani kabla ya dadu. Kipande cha boksi chenye X ya makapeni kinatosha. Iwe mahali ambapo kila mkono unafika bila mtu kuinuka. Kisha msimulizi aeleze: anayeigusa anaondoa kilichosemwa hivi punde, hatoi sababu, hakuna anayemuuliza, sasa wala baadaye.

Maelezo hayo hayatoshi. Katika kikundi chenye wakubwa na wadogo, mdogo hataigusa kadi kabla hajamwona mkubwa ameigusa. Kwa hiyo ndani ya dakika ishirini za kwanza msimulizi mwenyewe, au mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote, aiguse kwa jambo dogo la kweli: "Hiyo harufu ya damu tuiache." Hadithi iendelee bila kusita. Tendo hilo moja lina nguvu kuliko hotuba yoyote kuhusu uhuru wa kusema.

Hivi ndivyo kadi inavyofanya kazi. Katika hadithi hii ya mfano, lori limeharibika usiku kwenye barabara inayopita vichaka vya Itigi, magharibi ya Manyoni. Wachezaji watatu ni dereva na abiria wawili. Utingo anaigizwa na msimulizi.

> MSIMULIZI: Taa za lori zimezimika. Upande wa kushoto, ndani ya kichaka, mtoto analia. Anaita jina lako.
> *(Mchezaji wa pili anagusa kadi.)*
> MSIMULIZI: Sawa, hakuna mtoto. Tunarudi pale taa zilipozimika. Kimya. Halafu ndani ya kichaka mnasikia sauti ya utingo ikiita, "Suka, niletee tochi!" Utingo amesimama hapa kando yenu. Mdomo wake umefungwa.

Badiliko limechukua pumzi moja. Hakuna aliyemtazama mchezaji wa pili, na neno "pole" halikutamkwa, kwa kuwa lingemgeuza kuwa mgonjwa wa meza. La kuzingatia zaidi ni kwamba hofu haikupungua. Mtoto anayelia porini ni wazo ambalo kila msimulizi hulifikia. Utingo mwenye sauti mbili ni la meza hii peke yake. Wanaodai kwamba mipaka huua hadithi za kutisha kwa kawaida wanatetea wazo lao la kwanza.

Pamoja na kadi, maneno matatu yakubaliwe kwa ajili ya mambo madogo ambayo hayahitaji kufutwa:

1. *Taratibu* — endelea, ila punguza maelezo.
2. *Pita* — ruka tukio hili, tuambie lilivyoisha.
3. *Simama* — mapumziko, wote watoke nje wakapunge upepo.

Yeyote anaweza kuyasema, msimulizi naye ni mmojawapo. Msimulizi pia ni mtu. Hujikuta ameingia mahali pasipomfaa, na hana sababu ya kujilazimisha kwa kuwa yeye ndiye kiongozi.

Mlango ubaki wazi kwa maana zote. Anayetaka kuondoka aondoke bila kuaga kwa maelezo, na mhusika wake achukuliwe na msimulizi: amelala, amebaki kulinda mizigo. Mlango wa chumba usifungwe kwa ufunguo kwa ajili ya kuongeza hofu. Mchezaji asishikwe bega ghafla, asipigiwe kelele sikioni, asizimiwe taa, isipokuwa karatasi zote zilirudi na *sawa*. Haya ya mwili hayapimwi kwa kadi kwa sababu kadi huja baada ya tendo, na mwili ulioshtuka haurudi nyuma kama hadithi.

Umeme ukikatika katikati ya kikao, msimulizi anyamaze. Kishawishi cha kuitumia fursa hiyo ni kikubwa. Washwe tochi za simu, aulizwe kila mmoja kama anataka kuendelea gizani, na jibu la anayesita lihesabiwe kuwa hapana.

Wakati wote huo msimulizi asome meza. Dalili za hofu ya starehe ni kuegemea mbele, kucheka, kupendekeza mipango, kubishana kuhusu nani aende kwanza. Dalili za hofu isiyotakiwa mara nyingi ni kinyume cha kelele: mchezaji aliyekuwa msemaji ananyamaza, anajibu "sawa tu" kwa kila swali, anachezea simu bila kusoma, anasogeza kiti nyuma, anaomba kwenda msalani kila tukio la namna moja linapokaribia. Msimulizi akiona hivyo asimtaje mtu. Atangaze mapumziko ya wote, kisha wakirudi aipeleke hadithi kwingine. Akitaka kumuuliza, amuulize faraghani, kwa swali linalojibika kwa neno moja: "Tuendelee na hii au tuibadilishe?"

Makosa ya kawaida

*"Mbona sisi tumezoeana."* Waliozoeana ndio wanaofichana zaidi, kwa kuwa kila mmoja ana sura anayoilinda mbele ya wenzake. Karatasi ya siri inahitajika hapo kuliko mezani pa wageni.

*Kuigeuza kadi kuwa mzaha.* Mtu anaigusa kadi kwa sababu dadu zimemkataa, wenzake wanacheka, na kuanzia hapo kila kugusa kunapokewa kwa kicheko. Msimulizi aheshimu hata mguso huo wa mzaha: aondoe kilichosemwa, aendelee. Mzaha usiopata kicheko hauna maisha marefu.

*Kufunika kwa maneno na kufunua kwa sauti.* Mada iliyokubaliwa ifunikwe isiigizwe kwa milio na pumzi. Kufunika ni sentensi moja: "Asubuhi walimkuta amekufa." Basi.

*Kuamini kwamba ridhaa ya mwezi uliopita bado inadumu.* Mtu aliyekubali hadithi ya mazishi mwezi Machi huenda Aprili amefiwa. Karatasi irudiwe kila hadithi mpya, na swali fupi liulizwe mwanzo wa kila kikao: kuna cha kuongeza?

*Kuigeuza meza kuwa kliniki.* Wapo wasimulizi wenye huruma wanaodhani hadithi ya kutisha inaweza kumponya aliyeumia kwa kumrudisha kwenye jeraha lake. Hiyo ni kazi ya mtaalamu aliyesomea, kwa muda na utaratibu wake. Msimulizi mwenye dadu hana ruhusa ya kuijaribu.

Baada ya mchezo

Kikao kisiishie kwenye kilele cha hofu watu wakatawanyika. Dakika ishirini za mwisho ziachwe kwa ajili ya kushuka. Taa ziwashwe zote, wachezaji waitane kwa majina yao na si ya wahusika, chai au karanga zipite. Kila mmoja ataje kitu kimoja alichokipenda na kimoja ambacho angependa kikao kijacho kiwe nacho. Anayetaka kupita apite.

Saa ya kumaliza ipangwe kwa kufikiria njia ya kurudi. Eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma ni kubwa na hosteli zake zimetawanyika. Mchezaji aliyetoka kusikia sauti ikimwita kutoka kichakani asiachwe atembee peke yake saa nne usiku. Wapangwe wanaokwenda njia moja, au kikao kihamishiwe alasiri. Hadithi nzuri inatisha hata jua likiwaka.

Siku inayofuata msimulizi amtumie kila mchezaji ujumbe wa faragha. Uwe mfupi na uwe sawa kwa wote, ili yule anayemhofia asijione ameteuliwa: "Umeamkaje baada ya jana? Kuna cha kubadilisha?" Anayejibu kwamba hakulala, au kwamba jambo la zamani limemrudia, asishauriwe kwa maandiko marefu ya usiku. Asikilizwe, asiambiwe ajikaze, na aelekezwe kwa mshauri wa wanafunzi chuoni au kituo cha afya anachokiamini. Mirembe wanapokea pia watu wanaokwenda kwa miguu yao kutafuta ushauri.

> ORODHA YA MSIMULIZI
> ☐ Wote wameambiwa hadithi ni ya namna gani
> ☐ Karatasi zimejazwa kwa siri na hadithi imerekebishwa
> ☐ Hakuna mtu halisi, nyumba halisi wala sala halisi kwenye hadithi
> ☐ Kadi iko mezani na mkubwa ameshaigusa
> ☐ Mlango haujafungwa kwa ufunguo
> ☐ Tochi ipo, umeme ukikatika
> ☐ Dakika ishirini za kushuka zimetengwa
> ☐ Kila mtu ana mwenzake wa njiani
> ☐ Ujumbe wa kesho umepangwa

Wachezaji walio chini ya miaka 18

Klabu ya shule au kikundi cha vijana wa kanisa au madrasa wanaweza kucheza hadithi za kutisha, kwani watoto hupenda kuogopa na wamekuwa wakisimuliana za mazimwi tangu zamani. Masharti ni makali zaidi. Mzazi au mlezi aijue hadithi na akubali. Ukatili wa kingono, kujiua na kukatwa viungo visiwepo kabisa, bila kusubiri karatasi. Watu wazima wawili wawepo chumbani muda wote, na asiwepo mmoja anayebaki peke yake na mtoto baada ya kikao.

Mtoto akigusa kadi, au baada ya mchezo akisema jambo linaloonyesha kwamba anatendewa vibaya nyumbani au shuleni, hadithi iwekwe pembeni. Asihojiwe mbele ya wenzake, na asiahidiwe kwamba siri yake haitatoka. Taarifa ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au ipigwe simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo ni bure.